Yule Mama Aliye Mbele ya Gari

Kama umeolewa na fundi wa magari utatuelewa upesi. Watu wengine wakiliona gari hutazama rangi na viti, lakini fundi huinamisha kichwa akasikiliza injini. Babu wa nyumba yetu amefanya kazi ya gereji mjini Tanga kwa zaidi ya miaka 30, na Bibi amefua ovaroli zake miaka hiyo yote. Basi binti yetu alipotuambia, "Jumamosi nitawapeleka mkaone magari ya zamani," Babu alipiga viatu rangi tangu Ijumaa jioni.

Lakini hatukuwa tumesafiri hadi Uingereza kwa ajili ya magari. Tulikuwa tumempeleka mtoto kwa mama yake.

Binti yetu ni muuguzi katika mji wa Southampton. Mume wake alifariki mtoto wao akiwa na miaka miwili, na haukupita muda mrefu akapata kazi ya mbali. Mtoto alibaki nasi. Tulimlea miaka mitano: tukamwachisha kunyonya kidole, tukamwanzisha shule, tukamuuguza surua. Mama yake alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, hata mtoto akazoea kumwita "mama wa simu". Hatimaye karatasi zote zilikamilika, tukapanda ndege watatu. Tikiti za kurudi zilikuwa mbili.

Siku ile ya magari zilikuwa zimebaki siku tisa. Mtoto alikuwa bado akimwamkia mama yake kwa adabu, kama anavyomwamkia mgeni, kisha anarudi kukaa katikati yetu. Usiku alilala na Bibi. Binti yetu hakulalamika. Ila asubuhi tulimkuta amekunja vizuri nguo mpya za mtoto ambazo hazijavaliwa.

Njiani kuelekea Beaulieu

Kutoka Southampton hadi kijiji cha Beaulieu ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Jina hilo ni la Kifaransa, na maana yake ni mahali pazuri, ingawa wenyeji hulitamka "Byuli". Njia inapita katika msitu uitwao New Forest, ambako farasi wadogo wanatembea wanavyotaka. Wana wenyewe, lakini huachwa wajilishe huru, na wakiamua kusimama katikati ya barabara, magari yote husubiri. Mjukuu wetu aliona ajabu. Kwetu Tanga mbuzi akivuka barabara hupigiwa honi. Hapa farasi anapishwa kama mwenye nyumba.

Mahali penyewe ni pa kale sana. Mwaka 1204 mfalme John wa Uingereza aliwapa watawa ardhi hiyo, nao wakajenga abasia. Mwaka 1538, wakati wa mfalme Henry wa Nane, abasia ikafungwa na sehemu kubwa ya majengo ikabomolewa. Lango kubwa la watawa likageuzwa nyumba ya kuishi, ambayo leo ni nyumba ya ukoo wa Montagu. Chumba chao cha kulia chakula kikawa kanisa la kijiji, na ndivyo kilivyo hadi leo.

Makumbusho ya magari yalianzishwa hapo mwaka 1952 na Edward Montagu. Baba yake, John Montagu, alikuwa mmoja wa Waingereza wa kwanza kupigania matumizi ya magari, tangu siku ambazo watu wengi waliyaona kuwa balaa la moshi na kelele. John alifariki mwaka 1929, na Edward alikuwa na miaka miwili tu. Alipokua akataka kumkumbuka baba ambaye hakumjua. Akaanza kwa kuweka magari matano ya kale katika ukumbi wa nyumba yake. Leo magari na pikipiki zilizomo ni zaidi ya 250.

Babu alimweleza mjukuu habari hiyo tukiwa bado kwenye foleni ya tikiti. Mtoto alisikiliza, kisha akauliza, "Babu, baba yake alikufa kama baba yangu?" Babu akajibu, "Ndiyo, naye alikuwa mdogo kama wewe ulivyokuwa." Mtoto akasema, "Ndiyo maana akamwekea magari." Akaridhika, akatangulia mbele.

Usipige gari zima

Mlangoni binti yetu alimpa mtoto simu yake. "Leo wewe ndiye mpiga picha wetu," akamwambia. Tuliona jinsi mtoto alivyoipokea kwa mikono miwili.

Picha za kwanza hazikuwa na kichwa wala miguu. Ukumbi ni mkubwa, magari yamepangwa karibu karibu, na watu ni wengi. Kila alipojaribu kulipata gari zima alipata nusu ya gari na magoti ya mzee asiyemjua. Alikaribia kulia. Hapo mama yake akachuchumaa kando yake. "Usipige gari zima," akasema. "Tafuta kitu kimoja kidogo kilichokupendeza, ukisogelee."

Ushauri huo ulitufungua macho hata sisi wazee. Magari ya miaka ile ya mwanzo yalitengenezwa na mafundi waliozoea kazi za mabehewa ya farasi, seremala na wafua shaba, na kila mmoja ameacha alama ya mkono wake. Tuliona magurudumu yenye spoki za mbao, yaliyochorwa mistari myembamba ya rangi. Tuliona honi ya shaba iliyojikunja kama nyoka, na mwisho wake mpira wa kubinya. Tuliona taa kubwa za shaba zilizong'aa kama masufuria ya harusi. Babu alituambia kwamba taa za namna ile hazikutumia umeme. Maji yalidondoka kidogo kidogo juu ya kabaidi, ile ile wanayoijua mafundi wa kuchomelea, ikatoa gesi, na gesi ikawashwa kwa kiberiti. Dereva aliyesafiri usiku ilimbidi ashuke kwanza awashe taa zake kama tunavyowasha za mafuta.

Tulijifunza pia kwamba kitu kinachong'aa ni kigumu kukipiga picha kuliko uso wa mtoto mchanga. Shaba iliyosuguliwa ni kioo. Ukisimama mbele yake unajipiga mwenyewe. Ukiwasha mwanga wa simu unapata doa jeupe, na pambo lenyewe limepotea. Tulivyofanya ni hivi: tulizima ule mwanga, tukasimama upande badala ya mbele, na tukatafuta mahali ambapo nyuma ya pambo pana giza. Mtoto alibana viwiko kwenye mbavu ili mikono isitetemeke, akagusa skrini pale alipotaka paonekane vizuri, akashika pumzi, ndipo akapiga. Kwa vitu vilivyo ndani ya sanduku la kioo Bibi alivua mtandio wake mweusi, akaufunika kama hema juu ya simu na mtoto, ili taa za darini zisijionyeshe kwenye kioo. Wageni walitutazama, wengine wakacheka, na mama mmoja wa Kiingereza akavua koti lake akafanya vile vile.

Babu kwa wakati huo alikuwa amesimama mbele ya gari liitwalo Golden Arrow, refu na jembamba kama samaki. Mwaka 1929, huko Daytona Marekani, Henry Segrave aliliendesha kwa mwendo wa kilomita 372 kwa saa, na hakuna gari lililowahi kufika hapo kabla yake. Tulimwita Babu mara tatu kabla hajatusikia.

Mfuniko wa rejeta

Mbele ya magari mengi ya kale, juu kabisa, kuna sanamu ndogo. Mjukuu alitaka kujua kwa nini zimewekwa pale, na hapo fundi wetu alipata nafasi yake.

Alieleza kwamba zamani rejeta haikufichwa. Ilisimama wazi mbele ya gari, na mfuniko wake ulikuwa juu, mahali ambapo kila mtu anauona. Injini zilichemka mara kwa mara, na dereva alifungua mfuniko huo kila siku ili kuongeza maji. Kwa kuwa mfuniko ulionekana kuliko kitu chochote, watu wakaanza kuupamba. Wengine waliweka ndege, wengine mbwa, wengine vikaragosi vya kuchekesha. Huko Ufaransa fundi wa vioo René Lalique alitengeneza sanamu za kioo kitupu. Ile ya mwaka 1925 ilikuwa ya farasi watano, kwa ajili ya gari la Citroën. Miaka ilipopita rejeta ikaingizwa chini ya boneti na mfuniko nao ukajificha, lakini sanamu zikabaki juu.

Sanamu inayojulikana kuliko zote ni ya magari ya Rolls-Royce. Ni mwanamke aliyeinama mbele, mikono nyuma, nguo yake ikipeperushwa na upepo kama mabawa. Urefu wake haufiki shubiri. Kampuni haikupenda wateja wake wabandike vikaragosi kwenye magari ya thamani, ikamwagiza mchongaji Charles Sykes atengeneze sanamu ya heshima. Akaimaliza mwaka 1911. Sanamu zile za mwanzo zilifanywa kwanza kwa nta. Kalibu ilitengenezwa kuizunguka nta, nta ikayeyushwa, madini yakamiminwa, kisha kalibu ikavunjwa. Kwa hiyo hakuna mbili zinazofanana kabisa, kama vile mama hazai watoto wawili wa sura moja.

Lakini ndani ya makumbusho kuna sanamu nyingine ya Sykes, ndogo na ya zamani kidogo kuliko hiyo. Zilitengenezwa chache mno. Hii nayo ni mwanamke kijana, ila huyu ameweka kidole midomoni kana kwamba anasema, nyamaza, usiseme. Sykes aliichonga kwa ajili ya gari la John Montagu mwenyewe. Inaaminika kwamba mwanamke aliyemfuata katika kuichonga ni Eleanor Thornton, katibu wa Montagu, na wengi huamini kwamba yule wa mwaka 1911 pia ni yeye.

Mjukuu wetu alipiga picha ya sanamu hiyo mara nyingi, chini ya hema la mtandio wa Bibi. Kisha akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Hakumuuliza Bibi. Alimuuliza mama yake.

Binti yetu alikwisha fika mahali hapo mara moja na wauguzi wenzake, na alijua habari hiyo. "Aliitwa Eleanor," akajibu.

"Alikuwa na watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Alikuwa anakaa naye?"

Binti yetu akasita. "Hapana. Alilelewa na watu wengine."

"Kama mimi," mtoto akasema. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayetaja rangi ya gauni.

Tulitazamana sisi wazee, na hakuna aliyejua aseme nini. Binti yetu alipiga magoti pale sakafuni, katikati ya watu. "Wewe ulilelewa na watu wako," akamwambia. "Na mimi nilikuwa nahesabu siku zote, moja moja, mpaka uje."

Mtoto hakujibu. Aligeuka akatafuta gari jingine la kupiga. Lakini tuliona kwamba simu ilikuwa katika mkono mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa umeshika kidole cha mama yake.

Ndani ya kanisa

Mchana tulikula chapati zetu kwenye majani. Babu na mjukuu wakaenda kutembea karibu na magofu ya abasia, na Bibi na binti yetu wakaingia kanisani. Ni lile kanisa lililokuwa chumba cha kulia cha watawa. Ukutani bado kuna mimbari ya mawe, na ngazi yake imechongwa ndani ya ukuta. Mtawa mmoja alisimama pale kuwasomea wenzake Maandiko wakati wakila. Humo humo imewekwa kumbukumbu ya Eleanor.

Wakiwa wamekaa, binti yetu alimsimulia mama yake habari yote. Montagu alikuwa na mke wa ndoa, jina lake Cecil. Eleanor alizaa naye mtoto wa kike mwaka 1903, na mtoto huyo akatolewa kwa watu wengine wamlee. Jambo lenyewe likafichwa. Mwishoni mwa mwaka 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Montagu alikuwa akienda India kwa kazi ya serikali, na Eleanor akasafiri naye katika meli iitwayo Persia. Tarehe 30 Desemba, karibu na kisiwa cha Krete, nyambizi ya Wajerumani iliipiga meli hiyo, na ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 300 walikufa, na Eleanor alikuwa mmoja wao. Montagu alirushwa majini akaokoka. Mtoto wa Eleanor alikuwa na miaka 12.

Akina mama wenzetu, hatukwenda Beaulieu kumhukumu mtu. Bibi alimfikiria Cecil, mke wa nyumbani, ambaye hakuna aliyemchonga. Alimfikiria pia Eleanor, ambaye umbo lake limeonekana mbele ya magari ya matajiri dunia nzima. Sanamu za zamani zina jina la mchongaji chini ya miguu yake, lakini jina la Eleanor halimo. Zaidi ya wote alimfikiria yule binti wa miaka 12. Hakuna sanamu inayoweza kumfuta mtoto kamasi.

Ndipo binti yetu akasema neno ambalo hakuwahi kulisema kwenye simu: "Mama, mimi naogopa. Naona kama mtoto amekuwa wenu."

Hapa inatubidi tuseme ukweli, ijapokuwa unatuaibisha. Tulikuwa tunalijua jambo hilo, na tulikuwa tunalifurahia. Kila mtoto alipotukimbilia sisi, tulichekelea moyoni. Mama yake alipomuuliza anataka kula nini, Bibi ndiye aliyejibu. Alipoamka usiku, Babu aliwahi kuitika kabla mama hajafungua macho. Tulijiambia kwamba tunamsaidia binti yetu, kumbe tulikuwa tunamshikilia mtoto kwa sababu tuliogopa nyumba yetu itakavyokuwa kimya. Mlezi ni mzazi, wahenga walisema, nasi tuliupenda msemo huo kupita kiasi.

Bibi hakujitetea. Alimwomba binti yake msamaha palepale kwenye benchi, wakatoka wameshikana mikono.

Usiku ule Bibi alitandika kitanda cha mtoto, kisha akachukua mto wake akaupeleka chumbani kwa mama yake. Mtoto alisimama mlangoni akitazama huku na huku. Bibi akamwambia, "Nenda ukamwonyeshe mama picha zako, hajaziona zote." Akaenda. Tulikaa sebuleni sisi wawili, taa imezimwa, tukisikiliza sauti zao mpaka zikanyamaza. Haikuwa rahisi. Babu alijifanya ana mafua.

Picha tuliyoichagua

Kabla hatujaondoka binti yetu alitusafishia picha moja kwa ajili ya ukuta wetu wa Tanga. Tulidhani mtoto angechagua yule mama anayeruka. Hakumchagua. Alichagua picha ya taa ya shaba aliyoipiga mwanzo kabisa, kabla hatujajua namna ya kukwepa vivuli. Ni picha mbaya kwa mtu anayetafuta pambo, maana taa yenyewe haionekani vizuri. Lakini ndani ya ile shaba tunaonekana wote wanne, wadogo na wanene kama vibuyu: Babu ameinama, Bibi na mtandio wake, binti yetu amechuchumaa, na mtoto katikati, simu imemficha uso.

Msomaji wetu, nyumbani kwako huenda hakuna gari la kale. Lakini huenda ipo cherehani ya mama mkwe yenye maua ya rangi ya dhahabu, au sanduku la mbao lenye njumu, au baiskeli ya marehemu yenye kengele iliyochongwa. Siku moja ya mapumziko mpe mtoto simu, umwambie asipige kitu kizima. Asogelee ua moja, njumu moja, mahali palipochakaa kwa kushikwa. Kisha umweleze ni mkono wa nani uliopachakaza. Kama katika habari hiyo yumo mtu ambaye jina lake huwa halitajwi nyumbani kwenu, litaje kwa upole, kadiri ya umri wa mtoto. Na kama unamlea mtoto wa mwenzio, mlee kwa moyo wote, lakini kila jioni mtajie mama yake, ili siku akija amkute njia iko wazi.

Jumapili iliyopita simu ililia baada ya ibada, kama zamani. Alikuwa mjukuu wetu. Tulimuuliza anataka kuzungumza na nani kwanza, Bibi au Babu. Akasema tusubiri kidogo, anamwita mama.